Vifungo Sita vya Akida Mustapha

Kifungo cha nne ndicho kilichomponza. Siku ya baraza pale Dodoma, majumbe wamekaa chini, askari wamesimama wima na bunduki zao, Akida Mustapha wa Msalato aliinama kumwamkia Bwana Shauri mpya, Mjerumani mkuu wa boma. Uzi ukakatika. Kifungo kikaruka, kikatumbukia ndani ya kikombe cha kahawa cha Bwana Shauri. Wallahi hapa chumvi sijatia. Waliokuwepo walikisikia kabisa kikigonga kikombe.

Mdachi yule hakukasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya. Alikiopoa kwa kijiko, akakipangusa, akakitazama, halafu akamtazama mwenye tumbo.

"Koti hili la nani?"

"Langu, bwana."

"Si lako. La serikali. Wewe umetiwa ndani tu."

Majumbe wakainamisha vichwa. Wawili watatu walishikwa na kikohozi cha ghafla, kile kisichokuwa na mafua.

"Mwezi wa Januari, siku ya kuzaliwa Kaisari, nitakagua," Bwana Shauri akasema. "Utakuja na watu wako wote, na koti lako. Vifungo sita vikifungwa vyote, wewe akida. Visipofungwa, natafuta mtu mwingine, koti limwenee. Kula kidogo, tembea sana." Kisha akarudia kahawa yake na mayai yake manne, maana amri ile yeye haikumhusu.

Mustapha akarudi Msalato na kifungo mkononi, kinanuka kahawa. Miaka minane nyuma, alipovishwa koti lile mara ya kwanza, alikuwa mkalimani mwembamba aliyetoka Kondoa na kanzu moja, na ndani ya koti ungeweza kuficha kuku wawili. Tangu hapo alikuwa amekula. Asiyejua kazi ya akida adhani ni kazi ya kutoa amri. Kazi yenyewe ni kula. Kesi ya ng'ombe ilimletea samli kutoka kwa mdai na asali kutoka kwa mdaiwa, na yeye alikuwa mtu wa haki, alikula vyote viwili. Harusi ilimletea paja la mbuzi. Msiba ulimletea paja la pili. Hata Ramadhani, mwezi ambao wenzake walipungua, yeye alinenepa, kwa sababu futari yake ilikuwa inaanza magharibi na kukutana na daku njiani. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, na akisimama hakuziona ndara zake.

Lakini ndani ya mafuta yale kulikuwa na mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Bila koti, Mustapha alikuwa nani? Mgeni wa kutoka Kondoa katikati ya Wagogo, tena Wagogo ambao kwa miaka minane amewaamrisha, amewatoza kodi na kuwachapa viboko. Koti likienda, hana ukoo pale, hana ng'ombe, hana wa kumwambia karibu. Alilijua hilo, na usiku ule hata chakula kilimshinda, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona.

"Baba Abbasi, hili nalo la kukukosesha usingizi?" Mwamvua akamwambia asubuhi. "Mpelekee fundi aongeze kitambaa pembeni. Kazi ya mchana mmoja."

Mustapha akamtazama kana kwamba amemwambia akaibe bendera.

Alikuwa na sababu, na sababu hiyo iliitwa Sila. Sila alikuwa mfugaji wa palepale Msalato. Miaka miwili iliyopita upepo ulichana hema la serikali, na kipande kikaruka mpaka kwenye zizi lake. Kipande chenyewe si kikubwa kuliko mkeka wa kusalia. Sila akakikata, akashona kifuko cha tumbaku. Mustapha akamkamatisha. Akakusanya watu wote, akamlaza Sila kifudifudi, akamhesabia hamsa ishirini, fimbo ishirini na tano, na zilipokwisha akapanda juu ya sanduku akatangaza: "Kitu cha serikali hakikatwi, hakishonwi, hakiongezwi wala hakipunguzwi!" Alikuwa amependezwa sana na maneno yale siku ile. Aliyarudia mara tatu.

"Nikilitia mkasi koti hili," akamwambia Mwamvua, "watanilaza pale pale nilipomlaza Sila."

Basi kama koti haliongezwi, apunguzwe aliyemo.

Alianza na chakula. Ugali ukawa tonge tano, kisha tatu. Nyama ikakoma. Samli, ambayo alikuwa akiimimina mpaka mboga zielee, ikapigwa marufuku hata kutajwa. Badala yake akaomba mlenda. Ule ule mlenda ambao kwa miaka minane aliucheka mbele za watu, akisema kuwa ni utelezi wa kumsaidia maskini kumeza shida zake, sasa alikuwa akiukalia mara mbili kwa siku na kuuvuta kwa vidole kama mtu anayevuta kamba kisimani.

Mwamvua alikasirika kikweli. "Wanawake watasema nimekunyima. Watasema sijui kupika. Mimi niliyefundwa na shangazi wawili!"

"Waache waseme."

"Wewe utaona tabu gani? Wakisema hawakutaji wewe."

Tena palikuwa na jambo la zawadi. Samli na asali hazikuacha kuja, na akida hawezi kurudisha kibuyu. Akikirudisha, aliyekileta anaelewa kwamba kesi yake imekwisha kuanguka, anakwenda kununua ugomvi. Kwa hiyo vibuyu vilipokelewa, mapaja yakapikwa, na sinia likatengwa barazani kama desturi. Mustapha akakaa mbele ya sinia na bakuli lake la mlenda. Upande wa pili akakaa karani wake, Yotham, Mgogo aliyesoma misheni, mtu mwembamba asiye na makuu, ambaye kwa miaka yote alikuwa akila kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa mifupa.

"Kula, Yotham," Mustapha akasema kwa uchungu.

"Vyote, Akida?"

"Vyote. Vikibaki nitaviona."

Yotham alikuwa mtiifu. Alikula vyote. Kila alipofyonza mfupa, Mustapha alimeza mate, na nyuma ya pazia Mwamvua alisonya.

Halafu ikaja kutembea. Kila alfajiri, baada ya kusali, Akida alivaa msuli na fulana, akatoka na fimbo yake. Akazunguka Msalato yote, tembe kwa tembe, zizi kwa zizi, akihema na kutweta, jasho limemtota. Kwenye kila zizi alisimama kupumzika. Na kwa kuwa mtu anayejipumzisha hapendi aonekane anapumzika, alijitia kuangalia ng'ombe. Akakaza macho, akanyoosha kidole, akatingisha kichwa. Kumbe anahesabu pumzi zake.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lingeweza kufanywa na mgeni tu, mtu aliyekula chakula cha watu miaka minane bila kuwajua.

Wagogo wanaijua njaa kama unavyomjua shemeji mkorofi: wanajua anavyopiga hodi, anavyokaa, na anachukua nini akiondoka. Pale Msalato hapakuwa na nyumba ambayo haikuwahi kuzika mtoto katika mwaka wa ukame. Mtu kuwa na ghala na kulala na njaa kwa hiari yake, jambo hilo halikuwahi kusikika, na hakuna aliyekuwa na akili ya kulifikiria. Sasa wakamwona Akida anakonda. Wakamwona anakula mlenda. Wakamwona alfajiri, kabla hata kuku hawajashuka, amesimama kwenye mazizi yao na fimbo, anatweta, ananyooshea ng'ombe kidole.

Siku moja Sila alimngoja zizini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu zile hamsa ishirini yalikuwa yamepungua zaidi.

"Mbukwa, Akida."

"Mbukwa," Mustapha akaitikia Kigogo hicho hicho kimoja alichojua.

"Umekonda."

"Kidogo," akasema, na moyoni akafurahi, maana ilikuwa wiki ya sita na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia.

"Njaa imeanzia wapi? Kule bomani, au kwa Kaisari mwenyewe?"

"Njaa gani? Hakuna njaa. Nakula kidogo kwa kupenda mwenyewe."

Sila akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa anayesema hajambo. "Na ng'ombe wetu unawahesabu kwa kupenda mwenyewe?"

"Siwahesabu. Natembea tu."

"Unatembea tu," Sila akasema. Akafunga zizi.

Alipofika nyumbani kwake akawaita jirani zake, akawaambia maneno ambayo Mustapha aliyasikia baadaye sana, yakiwa hayana faida tena. "Miaka minane huyu ameshiba," akasema, "na mnajua wote alikoshibia. Sasa ana njaa. Nani kati yenu anataka kukaa hapa aone atakavyoiponya?"

Hakuna aliyetaka. Wakafanya kama walivyofanya baba zao katika miaka mibaya: ng'ombe wakapelekwa kwa rafiki na shemeji wa mbali wakae kwao, nafaka ikabebwa juu ya punda, na wenyewe wakafuata. Mchana kweupe, kwa adabu, kila mmoja akipita kwa karani kuaga. "Bibi yangu amefariki huko Bahi," akasema wa kwanza. Wa pili naye bibi yake amefariki Bahi. Wiki ya kwanza walifariki bibi watatu, wiki ya pili saba, na mmoja wao, Yotham aliona katika daftari lake, alikuwa amekwisha kufariki Novemba.

"Akida," Yotham akasema, akijifuta samli kidevuni, "watu wanaondoka."

"Kifungo cha pili kimefunga," Akida akasema.

Maana kila Ijumaa, akitoka kusali, alilijaribu koti, safari hii bila kukazwa na mtu kama siku ile ya baraza. Kifungo cha juu na cha chini havikuwa tabu. Cha pili kilikubali Desemba mwanzoni, cha tano wiki mbili baadaye. Cha tatu kilifunga kwa kuvuta pumzi. Kilichobaki ni kile cha nne, kilichorudishwa mahali pake kwa uzi, mchawi wake, pale katikati ya kitambi. Kila siku alikifikiria kifungo kile kuliko alivyomfikiria Mungu. Vijiji vikibaki vitupu, yeye aliona afadhali. Mbwa wa kumbwekea walipungua, na alfajiri akatembea kwa raha.

Sila alikuwa wa mwisho kuondoka upande ule. Mkewe, Zipora, alimkuta Mustapha njiani na fimbo yake, akateremsha kibuyu cha maziwa ya mgando kutoka kichwani, akamkabidhi.

"Kunywa, baba," akasema. "Hatukupendi. Lakini hatuwezi kumwacha mtu afe hivihivi."

Mustapha alitaka kueleza. Alifungua mdomo aeleze habari ya koti, na kifungo, na kahawa. Harufu ya maziwa ikampanda puani, na mdomo ukawa na kazi nyingine. Alikinywa kibuyu chote akiwa amesimama. Halafu akaona aibu, na siku hiyo akazunguka Msalato mara mbili kama adhabu. Mzunguko wa pili ndipo alipotambua kwamba hajakutana na mtu hata mmoja.

Siku nne kabla ya sikukuu ya Kaisari, kifungo cha nne kikafunga. Kikafunga bila kuvuta pumzi. Mustapha akamwita Mwamvua, akageuka mbele, akageuka nyuma, akapiga tumbo lake kama mlango wa nyumba mpya.

"Umependeza," Mwamvua akakiri. "Na utaandamana na nani? Hapa Msalato nimebaki mimi na kuku."

Hapo Akida akashtuka. Bwana Shauri alisema koti, lakini alisema na watu. Jasho likamtoka ambalo safari hii halikuwa la kutembea. Akamwita Yotham, akamwambia aende Bahi upesi, awabembeleze, awaambie hakuna njaa, awaambie lolote, ila awalete.

Yotham akaondoka taratibu. Hakuweza kwenda upesi. Karani yule aliyekuwa mwembamba sasa alikuwa na mashavu, alikuwa na shingo yenye mikunjo miwili, na tumbo lake lilikuwa linamtangulia mlangoni. Miezi mitatu ya sinia la akida haikupotea bure, ilihama tu upande wa pili wa baraza.

Asubuhi ya sikukuu, Dodoma ilijaa. Karibu na stesheni bendera zimetundikwa, askari wamepaka buti mafuta, akida wa Kizota amekuja na ngoma mbili na watu mia. Mustapha alisimama kwenye mstari peke yake. Peke yake kabisa, nyuma yake uwanja mtupu, lakini koti limemkaa kama ngozi, na vifungo sita vya shaba vinawaka juani.

Bwana Shauri akapita, akasimama. Akavihesabu kwa fimbo yake. "Moja, mbili, tatu, nne. Ya nne pia! Tano, sita. Vizuri sana." Mustapha alihisi machozi. "Na watu wako wapi?"

"Wako njiani, bwana."

Na kweli walikuwa njiani. Vumbi likaonekana upande wa magharibi, kisha ng'ombe, punda, akina mama na vibuyu, wazee na mikuki, Msalato nzima inarudi. Mbele yao, akitweta, leso shingoni, anatembea Yotham. Walikuwa wanamfuata kwa furaha ya watu wanaokwenda karamuni.

Bwana Shauri akamwita Sila, aliyekuwa karibu na Yotham. "Nyinyi mlikimbia. Kwa nini?"

"Akida wetu alikuwa na njaa, bwana," Sila akasema. "Akida akiwa na njaa, sisi ndio chakula."

"Na mmerudi kwa nini?"

"Tulimwona huyu." Sila akamwonyesha Yotham, akampapasa tumbo kwa heshima, polepole, kama mtu anayempapasa fahali mnadani. "Tukajua njaa imekwisha. Tena bwana, kama inawezekana, tuwekee huyu. Huyu ameshiba tayari. Yule itabidi tuanze naye upya."

Bwana Shauri alicheka mpaka akashika kiti. Waliokuwa hawajui Kiswahili walitafsiriwa, wakacheka wao pia. Kisha akajifuta macho, akamwelekezea Mustapha fimbo. "Vua."

Mustapha alivifungua vifungo kimoja kimoja. Vilifunguka kwa urahisi, na hilo ndilo lililomuuma. Yotham akavishwa. Mkono mmoja ukaingia, wa pili ukaingia kwa kusukumwa na askari wawili, lakini mbele hapakukutana. Kati ya kifungo na tundu lake palikuwa na shibiri nzima ya Yotham.

Basi roho ya Mustapha ikarudi. Akajitokeza mbele, amevaa fulana, akapiga saluti. "Bwana, koti halimwenei. Uliniambia mwenyewe: visipofungwa, si akida."

"Ndiyo," Bwana Shauri akasema. "Marko!"

Marko alikuwa fundi cherehani wa boma. Akaja na mkasi shingoni, akamzunguka Yotham mara moja, akamvua koti. Akalipasua pembeni kulia na kushoto, palepale, mbele ya bendera na mbele ya watu wote, krrr. Akaingia stoo akatoka na hema kuukuu la serikali, akakata vipande viwili, akakaa kwenye mashine yake. Ngoma ya Kizota haikuwa imefika mwisho, naye amekwisha, Yotham amevishwa na vifungo sita vimefunga.

"Kumbe linaongezwa?" Mustapha akamuuliza. 

"Koti?" Marko akasema, akikata uzi kwa meno. "Lako nimelingojea mwaka wa tatu huu. Kila ukipita nasema, leo ataleta."

Sila alikuwa amesimama karibu. Alivitazama vile vipande viwili vya hema ubavuni mwa Yotham kwa muda mrefu, mkono wake mmoja umepita nyuma, unajikuna mgongo.

"Akida," akamwambia Mustapha, kwa mazoea tu, "mimi nilikata kadogo kuliko hako."

Mustapha akageuka, akaondoka. Alirudi Msalato kwa miguu, na alifika mapema kuliko wote waliotembea, maana miezi mitatu ilikuwa imemfanya mtembeaji hodari. Hakutweta hata mara moja. Njia nzima aliwaza kitu kimoja tu: nyama ya mbuzi, samli juu, ugali wa kushika kwa mikono miwili. Hakuna tena wa kumkagua. Angekula mpaka azione nyota.

"Mama Abbasi," akaita kabla hajafika mlangoni, "pakua. Pakua vyote."

Mwamvua akatoka, akamwona hana koti, akaelewa. Hakumcheka. Habari zilikuwa zimekwisha kupita pale, juu ya punda.

"Walikuja na paja la mbuzi sasa hivi, na kibuyu cha samli," akasema. "Nikapokea. Wakaniuliza, 'Akida yuko wapi?' Nikasema anakuja. Wakasema, 'La, mama, yule mwingine.' Wakavichukua."

"Kwa hiyo kuna nini?"

"Kuna mlenda."

Mustapha akakaa barazani, upande ule wa pili, aliokuwa akikaa Yotham enzi za mifupa. Akanawa. Akaula mlenda mpaka bakuli likawa jeupe, akaomba tena, akaambiwa umekwisha.